Bisbee: Mji wa Shaba na Watu Waliopelekwa Jangwani

Katika muhuri rasmi wa jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, amechorwa mchimba madini akiwa na sururu na koleo. Ni mtu aliyekuwapo kweli. Jina lake ni George Warren, na mchoro huo ulitokana na picha aliyopigwa na C. S. Fly, mpigapicha maarufu wa mji jirani wa Tombstone. Warren alikuwa na hisa katika mgodi wa Copper Queen, uliokuja kuwa mmoja wa migodi tajiri kabisa ya shaba nchini humo. Mwaka 1880, siku moja akiwa katika mji wa Charleston na pombe imempanda kichwani, aliweka dau la hisa hizo kwamba angeweza kumshinda kwa mbio mtu aliyepanda farasi. Hesabu yake ilikuwa kwamba wangekimbia yadi 100, wangezunguka mti uliosimikwa, kisha wangerudi, na farasi angepoteza muda kwenye kona. Farasi hakupoteza muda. Warren alikufa fukara, na jimbo likaichukua sura yake wakati hisa zake zilikwisha kuwa mali ya wengine.

Hata kuingia kwake katika utajiri huo hakukuwa kwa haki. Waliogundua dalili za madini ni askari waliokuwa wakiwasaka Waapache katika Milima ya Mule mwaka 1877. Mfuata nyayo wao, raia aliyeitwa Jack Dunn, alikuwa anatafuta maji ya kunywa alipoona mawe yenye rangi ya madini. Kwa kuwa jeshi halikuwa na nafasi ya kuchimba, Dunn na askari hao walimpa Warren chakula na vifaa, kwa makubaliano kwamba akaandikishe eneo hilo pamoja na majina yao. Warren akafika, akaandikisha na wenzake wengine, jina la Dunn likaachwa nje. Basi mji ulianza hivyo, kwa dhuluma ndogo iliyofuatiwa na ulevi. Ulipofika wakati wa kuupa jina, mwaka 1880, ukaitwa Bisbee kwa heshima ya Jaji DeWitt Bisbee wa San Francisco, mmoja wa waliotoa mtaji. Jaji huyo hakuwahi kukanyaga hapo.

Bisbee uko kilomita 150 hivi kusini-mashariki mwa Tucson, karibu kabisa na mpaka wa Meksiko, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600. Umebanwa katika makorongo mawili yanayokutana, na nyumba zake zimepandana kwenye miteremko hivi kwamba paa la huyu liko chini ya baraza ya yule. Mtu mwenye akili zake asingejenga mji mahali kama hapo. Lakini shaba haichagui mahali pa kukaa, na katika miaka ile ya 1880 dunia ilikuwa imeanza kuihitaji kwa wingi kwa ajili ya nyaya za umeme, za telegrafu na za simu.

Aliyeufanya mgodi kuwa himaya ni James Douglas, Mkanada aliyesomea dini na udaktari kabla ya kugeukia madini. Mwaka 1881 aliishauri kampuni ya Phelps Dodge ya New York, wafanyabiashara wa metali, inunue kipande kilichoitwa Atlanta kwa dola 40,000. Kilipakana na mgodi wa Copper Queen. Walichimba miaka mitatu bila kupata kitu cha maana, fedha zikawa zinakaribia kwisha, na mwaka 1884 wakakuta mwamba wenye shaba. Tatizo ni kwamba Copper Queen nao walikuwa wameufikia mwamba uleule kutoka upande wao. Sehemu nyingine za Magharibi ya Marekani jambo kama hilo liliishia mahakamani kwa miaka mingi, wakala mawakili. Hapa pande mbili ziliamua kuungana, na mwaka 1885 ikazaliwa kampuni moja. Tangu siku hiyo, kwa miaka 90, hakuna jambo kubwa lililotokea Bisbee bila Phelps Dodge kuwamo. Duka kubwa lilikuwa lao, hospitali yao, maktaba yao, gazeti la mji lilikuwa mikononi mwao, na reli iliyotoka nje ya mji ilikuwa yao. Hoteli ya Copper Queen, iliyofunguliwa 1902 na inayolaza watalii hadi leo, waliijenga wao ili wageni wa kampuni wapate mahali pa heshima.

Maisha ya kawaida hayakuwa na heshima hiyo. Moshi wa salfa kutoka kwenye matanuru ya kuyeyushia shaba ulijaa korongoni, hasa siku zisizo na upepo. Miti ya milimani ilikatwa yote kwa kuni na nguzo za mgodi, kwa hiyo mvua ikinyesha maji na matope yaliporomoka katika barabara kuu. Homa ya matumbo iliua watu kwa sababu vyoo na visima vilikaribiana mno. Mwaka 1908 moto uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, wakajenga upya kwa matofali, na hayo ndiyo majengo mazuri ambayo mtalii wa leo anayapiga picha. Jioni wachimbaji walijaa Brewery Gulch, korongo la vilabu vya pombe, kamari na makahaba. Kufikia 1910 mji ulikuwa na watu zaidi ya 9,000, bila kuhesabu vitongoji vyake.

Watu hao walitoka pembe zote: Cornwall, Ayalandi, Ufini, Serbia, Italia, Meksiko. Lakini Bisbee ulijisifu kuwa ni kambi ya mzungu. Wameksiko walizuiwa kazi za chini ya ardhi zenye mshahara mzuri, wakaachiwa kazi za juu kwa malipo hafifu. Wachina waliruhusiwa kuleta mboga mchana, ila jua likichwa ilibidi wawe wametoka. Mambo haya hayaonekani kwenye matofali mekundu ya barabara kuu, na mgeni asiyeuliza haambiwi.

Sasa tufike mwaka 1917, maana ndio mwaka unaofanya historia ya Bisbee isifanane na ya miji mingine ya madini. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu mwezi Aprili. Bei ya shaba ilipanda, faida ikapanda, gharama za maisha nazo zikapanda, lakini mshahara haukuenda nazo sawasawa. Mwishoni mwa Juni wafanyakazi waligoma, wakiongozwa na chama cha IWW, kilichoundwa Chicago mwaka 1905 kwa lengo la kuwaunganisha wafanyakazi wote bila kujali rangi wala ufundi. Madai yao yalikuwa ya kawaida kabisa: dola 6 kwa siku kwa kila anayefanya kazi chini ya ardhi, kila mashine ya kutoboa miamba iendeshwe na watu wawili, baruti isilipuliwe watu wakiwa mgodini, upimaji wa mwili uliotumika kuwachuja wanaharakati ukome, na Wameksiko wa kazi za juu walipwe vizuri zaidi. Kampuni haikukaa mezani hata kidogo. Walter Douglas, mtoto wa James na wakati huo rais wa Phelps Dodge, aliwaona wagomaji kuwa maadui wa taifa, na gazeti la mji likaandika hivyohivyo.

Alfajiri ya tarehe 12 Julai, sherifu wa Kaunti ya Cochise, Harry Wheeler, aliwatuma mitaani watu wapatao 2,000 wenye silaha, aliokuwa amewaapisha kuwa wasaidizi wake. Ili watambuane walijifunga kitambaa cheupe mkononi. Gazeti la asubuhi lilitoa onyo kwamba wanawake na watoto wasitoke nje. Walienda nyumba hadi nyumba, wakiwatoa watu vitandani, kwenye meza za chakula, dukani. Hawakuwachukua wagomaji peke yao. Walichukuliwa pia watu waliowaonea huruma, wenye maduka waliowakopesha, na wengine ambao kosa lao lilikuwa kuchukiwa na jirani. Ndugu walimkamata ndugu. Watu wawili walikufa asubuhi hiyo: Jim Brew, mchimbaji aliyekataa kutoka chumbani kwake, na Orson McRae, msaidizi wa sherifu aliyekuja kumtoa, aliyepigwa risasi na Brew kabla Brew mwenyewe hajauawa.

Waliokamatwa walitembezwa zaidi ya kilomita tatu hadi kwenye uwanja wa besiboli wa kitongoji cha Warren, uliojengwa 1909 kwa ajili ya burudani ya wafanyakazi haohao. Nje ya uwanja Wheeler alikuwa na gari lililofungwa rashasha. Ndani, kila mtu aliambiwa: kataa mgomo, vaa kitambaa cheupe, urudi kazini, au upande treni. Wako waliokubali. Waliobaki, karibu 1,200, walipandishwa kwenye mabehewa 23 ya ng'ombe, mengine yakiwa bado na samadi sakafuni, na treni ya kampuni ikawapeleka mashariki katika joto la Julai, maji yakiwa haba. Simu na telegrafu zilikuwa zimedhibitiwa ili habari zisitoke. Walipofika Columbus, katika jimbo la New Mexico, hawakupokelewa. Treni ikarudi nyuma, ikawaacha Hermanas, kituo kidogo katikati ya jangwa, bila chakula wala pa kulala. Siku mbili baadaye jeshi liliwachukua na kuwaweka Columbus, kwenye kambi iliyokuwa imetumika kwa wakimbizi wa vita vya Meksiko. Walikaa huko hadi Septemba. Nyuma yao, walinzi waliwekwa kwenye barabara zote za kuingia Bisbee, na mtu hakupita bila kibali. Wengi hawakuwaona tena wake zao katika mji ule, wala hawakurudi katika nyumba walizojenga.

Rais Woodrow Wilson aliunda tume, ambayo mwanasheria wake alikuwa Felix Frankfurter, aliyekuja baadaye kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Tume ilisema wazi kwamba kitendo kile hakikuwa halali, ila ikaongeza kuwa hakuna sheria ya shirikisho ambayo kiliivunja moja kwa moja. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba kuwaadhibu watekaji ni kazi ya jimbo, siyo ya serikali ya shirikisho. Jimbo lilikuwa tayari limemshitaki mmoja wao kama kesi ya majaribio, na baraza la wazee wa mahakama, watu wa palepale kaunti, likamwachia kwa hoja kwamba kulikuwa na ulazima. Kesi za wengine zikafa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, watu karibu 1,200 walisafirishwa jangwani kwa mtutu wa bunduki na hakuna aliyetenda kosa.

Baada ya hapo mji ulinyamaza. Kunyamaza huko kulidumu vizazi vitatu, na si ajabu, kwani waliobaki walikuwa ama watekaji, ama waliovaa kitambaa cheupe kwa hofu, ama watoto wao, na wote walikula mezani kwa kampuni moja. Mwaka 1935 mbele ya jengo la mahakama lilisimamishwa sanamu la mchimbaji, kifua wazi, misuli imetuna, kwa heshima ya wachimba shaba. Ni la saruji, na shaba iko juujuu tu. Nadhani hakuna mchongaji aliyewahi kusema ukweli kuhusu mji bila kukusudia zaidi ya huyo.

Jengo hilo la mahakama lina umuhimu mwingine ambao wasimuliaji wa utalii huupita haraka. Mwaka 1929 makao makuu ya kaunti yalihamishwa kutoka Tombstone kuja Bisbee. Uamuzi huo ulioonekana wa kiofisi tu ndio uliouokoa mji miaka 45 baadaye, kwa sababu shaba ilipokwisha, mahakimu, makarani na mawakili walibaki, na mishahara yao ikabaki.

Shaba yenyewe ilianza kuonyesha dalili za kwisha mapema. Miamba tajiri ilichimbwa kwanza. Ikabaki yenye shaba kidogo, ambayo faida yake inapatikana kwa kuchimba mlima mzima. Mwaka 1951 Phelps Dodge walianza kufukua shimo la wazi lililopewa jina la mkurugenzi wao, Harrison Lavender. Mtaa mzima wa Jiggerville uliondolewa, na sehemu kubwa ya kitongoji cha Lowell ikaliwa na shimo. Likafikia eneo la hekta 120 na kina cha mita 270 hivi. Barabara kuu inapita ukingoni mwake, na mtalii husimama kwenye uzio akatazama chini ngazi za mawe mekundu, ya kijani na ya zambarau. Humo pia lilitoka jiwe la feruzi lenye buluu kali, ambalo masonara huliita Bisbee Blue. Shimo lilisimama kuchimbwa Desemba 1974, na migodi ya chini ya ardhi ikafungwa Juni 1975. Kwa miaka 95 ilitoa tani zaidi ya milioni tatu na nusu za shaba.

Kilichofuata kimesimuliwa sana kwa sauti ya ngano: wachimbaji wakaondoka, mahipi wakaja, mji ukafufuka. Kuna ukweli ndani yake. Nyumba ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na vijana wenye nywele ndefu kutoka California na kwingineko, wachoraji, wafinyanzi, washairi na wapiga gitaa, walizinunua kwa fedha ambazo katika miji mikubwa zisingetosha kodi ya miezi michache. Walizikarabati kwa mikono yao. Shule ya zamani ya Central ikawa karakana za wasanii. Wazee wa mgodi waliwatazama kwa mashaka, na mashaka hayo yalikuwa na sababu: mtu aliyevuta vumbi la mawe miaka 30 hawezi kufurahi kumwona kijana akiita umaskini uhuru.

Ila mradi ulioleta wageni wa kwanza kwa wingi ulianzishwa na wenyeji. Mara tu migodi ilipofungwa, meya Chuck Eads, kwa ushirikiano na Phelps Dodge, alipendekeza mgodi wa zamani wa Copper Queen ufunguliwe kwa watalii. Wenyeji walijitolea kuondoa vifusi na kutengeneza njia ya reli. Februari mosi 1976, kabla hata ya mwaka kutimia, treni ya kwanza ya wageni iliingia. Tangu hapo wameingia zaidi ya watu milioni moja. Unavaa kofia ngumu na taa, unapanda kigari kama farasi, miguu huku na huku, unapelekwa mita 450 ndani ya mlima ambako baridi haibadiliki kiangazi wala kipupwe, kama nyuzi 8 za Selsiasi. Kwa miongo mingi waliokuwa wakieleza ni wachimbaji wastaafu wenyewe. Walieleza jinsi matundu ya baruti yalivyopangwa ili katikati ilipuke kwanza na pembeni ifuate, na jinsi nyumbu waliovuta magari walivyokaa gizani kwa miaka. Kizazi hicho kinakwisha. Mwongozaji kijana anaweza kukariri maneno yaleyale, lakini kifua chake hakikohoi.

Ukifika Bisbee leo unaingia kupitia handaki la Mule Pass, lililofunguliwa 1958, na ghafla mji uko chini yako. Utakuta nyumba za maonyesho ya sanaa, maduka ya vitu vya kale, mikahawa, na kuta zilizochorwa. Ngazi za zege, nyingi zilizojengwa wakati wa mdororo wa miaka ya 1930 kwa mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi, zimekuwa njia ya mashindano ya mbio kila mwaka. Ofisi kuu ya zamani ya kampuni sasa ni makumbusho. Wakazi walikuwa 4,923 katika sensa ya 2020. Nyumba zile za bei ya kutupa sasa hukodishwa kwa watalii kwa usiku mmoja mmoja, na sheria ya jimbo ya mwaka 2016 inazuia halmashauri za miji kupiga marufuku biashara hiyo. Msanii kijana wa leo hapati nyumba kwa urahisi aliopata mwenzake wa 1975.

Je, sanaa ilisaidia mji kukumbuka? Kwa miaka 40, kidogo sana. Ilipenda majengo, milango ya zamani, kutu na rangi za shimo. Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 2017, miaka mia baada ya tukio, wakazi walipoigiza ukamataji ule katika barabara zilezile mbele ya kamera za Robert Greene, kwa ajili ya filamu yake Bisbee '17 iliyotoka 2018. Wajukuu wa waliokamata na watu wenye nasaba ya waliokamatwa walishika nafasi za wazee wao, wakapanda mabehewa. Wapo waliotetea babu zao hadi mwisho, na filamu haikuwanyamazisha. Naiona kuwa kazi bora ya sanaa iliyowahi kufanywa katika mji huo, na iliwahitaji wenyeji kuliko wasanii.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuujua mji huu. Phelps Dodge ndiyo iliyochukua hisa kubwa katika mradi wa Tenke Fungurume, Katanga, nchini Kongo, kabla haijanunuliwa na Freeport-McMoRan mwaka 2007. Freeport ilianza kuzalisha shaba huko mwaka 2009, ikauza hisa zake kwa China Molybdenum mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Shimo la Bisbee na lile la Fungurume yaliwahi kuwa katika daftari moja. Na Katanga wana uwanja wao: Desemba 1941, wakati wa vita nyingine, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kudai mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakapigwa risasi na askari wa ukoloni. Huko wenyeji hawakungoja msanii wa kuja. Tshibumba Kanda Matulu alichora mauaji hayo katika miaka ya 1970, akimwonyesha gavana Maron akimwua kiongozi wa wagomaji, Léonard Mpoyi, na akayaeleza kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyarekodi. Picha zake zilining'inia sebuleni mwa watu wa kambi za mgodi, katika miaka ambayo Bisbee ulikuwa bado haujataja Julai 1917 hadharani.

Basi wewe uliye Kolwezi, Likasi, Kilembe, Mwadui au Geita, kama nyumbani kuna mzee aliyefanya kazi mgodini, mwekee kinasa sauti mbele yake mwezi huu. Muulize alilipwa kiasi gani, nani aligoma, nani alifukuzwa na alienda wapi. Andika majina kamili. Kitambulisho cha kazi, hati ya mshahara na picha za kambi visitupwe wakati wa kuhama nyumba. Kampuni zina kumbukumbu zao, na huondoka nazo.